Karte haikufa: namna antene ya masini inavyolisha karte ya memba

Mwanzoni mwa Sezoni A tulikuwa kwenye dipo moja kandokando ya ziwa Kivu, siku ya kugawa mbegu za maharagwe. Dipo lenyewe lilikuwa jipya: mabati mapya, kufuli jipya, na meza nzuri ya chuma ambayo fundi alichomelea kwa feza za wamemba. Juu ya ile meza tukaweka masini ya kusomea karte. Kazi yake munaijua. Memba analeta karte, masini inalia, jina linatokea kwenye tableti, mbegu inapimwa, mtu anabeba na kuenda. Ilikuwa hivyo sezoni mbili bila shida yoyote.

Ile siku masini ilikataa. Karte zingine zilipita mara ya tatu ao ya ine, kiisha kuzisukuma na kuzigeuza. Zingine hazikupita hata kidogo. Tulizipangusa kwa shati, tukazima masini na kuiwasha tena, bure. Mustari ulikuwa murefu, jua kali, watu wakaanza kunung'unika. Mwisho tukaandika kwenye liste, mbele ya majina saba, neno hili: «karte imekufa».

Kati ya wale saba kulikuwa mama moja mwenye alitoka kilimani mbele ya jua kutoka. Akatuuliza: «Imekufa namna gani? Sikuivunja, sikuiloweka, haikutoka mu mfuko yake.» Hatukuwa na jibu. Tukamwambia angoje karte mpya, na karte mpya inaweza kukawia majuma matatu ao mane. Kila mulimaji anajua kama mvua ya mwezi wa tisa haingoji majuma mane.

Magaribi, wakati wa kufunga vitu, mumoja wetu alitoa masini mezani akaiweka juu ya gunia la maharagwe. Karte moja kati ya zile saba ilibaki kwetu. Aliiweka juu ya masini bila kufikiri, na masini ikalia. Tukaangaliana. Akarudisha masini mezani: kimya. Akairudisha juu ya gunia: ikalia tena.

Basi karte ilikuwa nzima. Meza yetu nzuri ndiyo ilikuwa na shida, na sisi tulirudisha watu nyumbani bila mbegu juu ya kitu chenye hatukukielewa. Njo maana tunaandika hii habari. Koperative nyingi sasa ziko na hizi karte za kugusisha bila kuingiza, na ni vizuri memba mwenyewe ajue kinachopita kati ya karte na masini, ili siku wakimwambia «karte yako imekufa» aweze kuuliza swali ya pili.

Karte haina batri

Usiku, washa torchi ya telefone na ukandamize karte juu ya mwangaza. Kwa karte nyingi nyeupe utaona mistari myembamba inayozunguka karibu na ukingo, mara tatu, ine, ao tano, na kidoti kimoja cheusi. Ile mistari ni waya wa shaba ao wa aluminiamu, mwembamba sana. Kile kidoti ni chipu, ni kusema kipande kidogo chenye kushika namba yako. Hakuna kingine ndani. Hakuna batri, hakuna kitu cha kuisha. Waya uliozungushwa vile unaitwa bobini, na hiyo bobini ndiyo antene ya karte.

Sasa chipu inakula wapi? Wenye kinga wanajua dinamo. Tairi inazungusha kisumaku karibu na bobini, na taa inawaka, hata kama ile sumaku haigusi waya. Mwingereza Michael Faraday ndiye alionyesha hiyo kanuni mwaka 1831: nguvu ya sumaku ikibadilika ndani ya bobini, umeme unazaliwa ndani ya waya. Sumaku ikisimama tu, hakuna umeme. Lazima ibadilike.

Ndani ya masini ya kusomea hakuna sumaku yenye kuzunguka. Kuna bobini nyingine, karibu upana wa kiganja, na masini inatuma umeme ndani yake kwenda na kurudi mara milioni 13,56 kwa segonde moja. Kila mara umeme unapogeuka, nguvu ya sumaku juu ya masini inakua, inakufa, inageuka upande mwingine. Ukileta karte pale juu, bobini ya karte inavukwa na hiyo nguvu, na umeme kidogo unazaliwa ndani yake. Ni kidogo sana, taa ya nyumba haiwezi kuwaka nayo, lakini chipu inaamka. Kwa hiyo masini ndiyo inapika, karte inakula mezani kwake. Karte iliyo peke yake mfukoni imelala kabisa.

Kuna jambo moja la kuongeza, ambalo litatusaidia kuelewa ile meza. Bobini ya karte na bobini ya masini zimepangwa kwa mtetemo mumoja, kama vile unavyozungusha kifungo cha radio mpaka Radio Okapi isikike wazi. Ukitoka kidogo kwenye pahali pake, sauti inakwaruza. Ukitoka zaidi, unasikia upepo tu. Kwa karte ni hivyo hivyo: ikiwa imepangwa sawa na masini, inakusanya nguvu nyingi kwa mara moja. Ikihamishwa kutoka kwenye mtetemo wake, inakusanya kidogo na chipu haiamki.

Karte inajibu kwa robine

Watu wengi wanafikiri kama karte inatuma radio kwa masini. Hapana. Haina nguvu ya kutuma. Inajibu kwa njia nyingine yenye akili sana.

Fikiria mtaa wenye maji ya kilimani na mufereji mumoja. Wewe umefungua robine yako. Jirani wa chini akifungua yake, maji yako yanapungua. Akifunga, yanaongezeka. Hata kama haumuoni, unajua sasa amefungua, sasa amefunga. Na kama mungepatana mbele kwamba kufungua mara mbili ni «ndiyo» na mara tatu ni «hapana», mungeweza kusemezana kwa robine bila kuonana.

Karte inafanya vile. Chipu inafungua na kufunga njia ya umeme ndani ya bobini yake, na masini inahisi: sasa ananikula zaidi, sasa ananikula kidogo. Katika karte za aina hii chipu inaweza kufungua na kufunga karibu mara 847 500 kwa segonde, na kwa kufanya hivyo ao kuacha, inapitisha namba yake. Yote hiyo inaisha mbele hujapumua. Ni lugha ya kunong'ona, na masini lazima iwe na masikio makali kuisikia. Kwa hiyo karte inaweza kushindwa kwa njia mbili: ao haikupata chakula cha kutosha ili iamke, ao iliamka na ikajibu, lakini mnong'ono wake haukufika.

Hatua moja ya mbali ni nyingi

Hapa tulipiga hesabu, na tunaona inafaa mujue matokeo. Tuchukue masini yenye bobini ya mviringo, sentimeta 4 kutoka katikati mpaka ukingo. Tuseme nguvu ya sumaku katikati ya bobini ni 100. Ukipanda sentimeta 4 juu, inabaki 35. Ukipanda sentimeta 8, inabaki 9. Kwa sentimeta 12, inabaki 3 tu. Haipungui polepole kama mwangaza wa torchi, inaanguka kama mutu aliyeteleza kwenye mtelemuko. Ndiyo sababu karte iliyoshikwa sentimeta 10 juu ya masini inaweza kukataa, na ukiishusha kidogo tu inalia mara moja. Kupiga karte kwa nguvu juu ya masini hakusaidie kitu. Ilaze, na uingoje segonde moja.

Neno «ilaze» tunalisema kwa sababu. Ndoo iliyosimama wima inakinga mvua. Ndoo iliyolala ubavu haikingi kitu, hata mvua ikinyesha mpaka kesho. Nguvu ya sumaku inatoka kwenye masini ikipanda juu, na bobini ya karte inaikinga ikiwa imelala sambamba na masini. Ukisimamisha karte juu ya ukingo wake katikati ya masini, nguvu inapita pembeni bila kuingia ndani ya bobini. Tumeona wazee wenye kuheshimu masini, wanaishika karte kwa vidole viwili, wima, kama mutu anayetoa barua kwa chefu. Masini inakataa, mzee anafikiri ametupwa kwenye liste.

Meza ya chuma

Sasa turudi kwenye dipo. Nguvu ya sumaku ya masini inatoka juu, inazunguka, na inarudi kwa chini. Inahitaji nafasi pande zote mbili. Tukiweka masini juu ya bati ao chuma, ile nguvu yenye kubadilika inazalisha umeme ndani ya chuma pia, kama vile inavyofanya ndani ya karte. Lakini chuma ni pana, na umeme unazunguka ndani yake ovyo, kama maji kwenye kona ya muto. Ule umeme unatengeneza nguvu yake ya sumaku yenye kupinga ya kwanza. Masini inasukuma, meza inasukuma nyuma, na karte inabakia na mabaki. Tena, chuma kikikaribia antene kinaihamisha kutoka kwenye mtetemo wake, sawa na mtoto aliyechezea kifungo cha radio. Kwa hiyo unapoteza mara mbili.

Njo maana karte zingine zilipita na zingine zikakataa. Karte hazifanani zote: zingine antene yake inazunguka karte nzima, zingine inachukua nusu tu. Zile zenye kukinga vizuri zilipata bado kidogo cha kutosha. Zile zenye antene ndogo zilishindwa. Wale mama na papa saba hawakukosa lolote, karte zao tu zilikuwa za aina ile.

Dawa ni mbao. Tulijaribu siku iliyofuata pale pale. Ubao wa sentimeta 1 kati ya meza na masini: karibu hakuna kilichobadilika. Sentimeta 3: karte zote zilipita, lakini ilibidi kuzigusisha kabisa. Sentimeta 5: masini ilifanya kazi kama ile ya zamani kwenye meza ya muti. Seremala wa kijiji alikata kipande cha grevilea, akakipiga randa, na sasa kinakaa pale meza inapokaa. Hakikugharimu feza nyingi, na kama hakuna seremala, gunia la maharagwe linatosha, kama tulivyoona. Udongo, kitambaa, plastiki na karatasi havizuii ile nguvu. Mkono wa mutu pia hauizuii. Ni chuma ndicho kinazuia, na bati la mizani ni chuma.

Wenye kutengeneza telefone wanajua hii shida, kwa sababu batri ya telefone imejaa chuma. Wanaweka nyuma ya antene karatasi nyeusi ya feriti, kitu chenye kupitisha nguvu ya sumaku lakini kisichopitisha umeme, ili nguvu izunguke mbele ya batri bila kuigusa. Masini zingine zinauzwa na feriti ndani, na hizo zinavumilia meza ya chuma vizuri zaidi. Koperative ikinunua masini, swali la kwanza kwa muuzaji liwe hili: inafanya kazi juu ya chuma? Na mujaribu mbele yake, juu ya bati, mbele ya kulipa.

Kwenye sehemu zingine ajenti hatumii masini, anatumia telefone yake. Basi mukumbuke kama antene ya telefone iko mgongoni, mara nyingi upande wa juu, wala si kwenye kioo. Ajenti moja alishindwa asubuhi nzima. Tukavua kifuniko cha telefone yake na tukakuta amebandika kipande cha chuma ndani, cha kushikiza telefone kwenye sumaku ya pikipiki. Kimekaa hasa juu ya antene.

Vitu vyenye kuua karte kweli

Karte haife kwa kuzeeka haraka, lakini inauawa. Na muuaji wa kwanza, kwa yale tumeona, ni tundu. Watu wanatoboa karte kwenye kona ili wapitishe kamba na kuivaa shingoni. Munakumbuka ile mistari muliyoona kwa torchi, inapita karibu na ukingo. Msumari mumoja ukikata mstari mumoja, bobini imefunguka, umeme hauzunguki tena, na hakuna ubao wala gunia litakaloiponya. Kama munataka kamba, tobo liwe kwenye mfuko wa plastiki, karte ikae ndani.

Muuaji wa pili ni kukunja. Waya umeungwa kwenye chipu kwa pahali padogo sana, na karte yenye kukaa mufuko wa nyuma ya suruali juu ya kiti cha pikipiki inakunjwa kila jiwe. Na musiiweke karibu na mbabula. Plastiki inalegea, waya unahama.

Halafu kuna karte zenye zinaonekana zimekufa na ziko hai. Papa moja aliogopa mvua, akahifadhi karte yake ndani ya mfuko wa maziwa ya unga, ule wenye kung'aa ndani. Wazo zuri kwa mvua, lakini ule mng'ao ni aluminiamu, na kuta za aluminiamu zinafungia ile nguvu nje. Karte ilipotoka kwenye mfuko, ilisoma. Wengine wanaweka karte mbili pamoja, ya mume na ya bibi, ndani ya mfuko mumoja. Masini imefundishwa kutofautisha karte mbili zenye kujibu pamoja, lakini zikilaliana kabisa zinagawana chakula na zinavurugana mtetemo, na mara nyingi hakuna yenye kusikika. Moja moja, basi. Na masini mbili zisikae bega kwa bega mezani. Zikitengana meta moja, hazisumbuani.

Swali la wenye kuogopa

Kuna swali tunaulizwa kwa sauti ya chini, na hatulichukui kama mchezo, maana tunajua tunaishi wapi. Kama masini inasoma bila kugusa, je, mutu aliye barabarani hawezi kusoma karte yangu mfukoni? Hawezi kunifuata kwa hiyo karte, ajue niko wapi na nimepokea nini?

Kufuata, hapana. Karte isiyo na batri haiwezi kutuma kitu chochote ikiwa mbali na masini, na haijui yenyewe iko wapi. Kusoma kwa siri, ni lazima mutu akaribie sana. Munakumbuka hesabu ya 100, 35, 9 na 3. Mwaka 2006 watafiti wa chuo kikuu cha Tel Aviv walitengeneza antene kubwa kwa kusudi hilo, na walifikisha karibu sentimeta 25. Ni umbali wa mutu anayesimama kifuani pako. Barabarani, ao kutoka ngambo ya muto, haiwezekani.

Sisi wenyewe tunaogopa zaidi tableti kuliko karte. Kwenye karte nyingi za koperative kuna namba tu, lakini kwenye tableti kuna majina, vijiji, ukubwa wa mashamba na kilo mulizopokea. Muko na haki ya kuuliza ajenti wenu kama tableti inafungwa kwa kodi, nani anajua hiyo kodi, na inalala wapi usiku.

Wafugaji nao wametuuliza kama hii masini inaweza kusoma kipuli cha elektroniki cha ng'ombe. Haiwezi. Vipuli vya mifugo vinatumia mitetemo 134 200 kwa segonde, karibu mara mia moja chini ya karte, na bobini zake zina mizunguko mingi zaidi. Kanuni ni ile ile ya Faraday, lakini ni kama radio mbili kwenye stasio mbili, hazitasikilizana hata ukizigusisha. Lazima masini yake.

Tulirudi kilimani kwa yule mama siku kumi na moja baadaye, na kilo zake tano za mbegu na masini ndani ya mfuko. Shamba lake lilikuwa limekwisha kupandwa. Hakungoja karte mpya, na alifanya vizuri kutongoja: alikopa kwa jirani makopo mane ya Guigoz, na ataregesha manane wakati wa mavuno. Tuliweka masini juu ya magoti yake, akalaza karte, ikalia mara ya kwanza. Mbegu yetu alipokea, akaipanda kwenye kipande kidogo cha chini karibu na migomba, kwa kuchelewa. Kiisha akaomba tufungue liste na tufute lile neno mbele ya jina lake, yeye akiona. Tukafuta, na yale sita mengine pia. Deni la makopo manane tumelipeleka kwenye komite ya koperative, kwa sababu kosa lilikuwa letu na lile la meza. Komite itakaa siku ya posho.